Itifaki Imezingatiwa, Maji Yanarudi Lini?

Alfajiri bomba limekoroma, likatoa hewa, likanyamaza. Mwenye nyumba, mama wa watoto wanne wanaotakiwa kuoga kabla gari la shule halijapiga honi, ameshika ndoo mkono mmoja na simu mkono wa pili. Anaandika “maji Mbuyuni leo” kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukurasa unafunguka kwa kujivuta. Juu kabisa kuna picha ya kiongozi akikata utepe. Chini ya picha kuna haya:

“Wateja wetu wapendwa mnatangaziwa kuwa, kutokana na zoezi la ukarabati wa miundombinu linaloendelea katika maeneo mbalimbali ya jiji, kutakuwa na ukosefu wa huduma ya majisafi katika baadhi ya maeneo, hivyo mnaombwa kuwa na subira katika kipindi hiki ambacho zoezi hilo linaendelea.”

Tangazo hili ni la kubuni, na Mbuyuni yenyewe ni ya kubuni, lakini aliyezoea matangazo ya Kiswahili atalitambua kwa mlio wake. Lina maneno 41. Lina heshima, wala halina kosa la sarufi. Kilichokosekana ni vitu vitatu tu: wapi, lini, mpaka lini. Mama anaweka simu chini akijua kile alichokijua kabla ya kuishika, kwamba maji hakuna.

Sasa tangazo lilelile, likiandikwa na mtu anayeijua kazi:

“Maji hayatatoka Mbuyuni na Kisimani Jumanne 14 Mei, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Bomba kuu linabadilishwa. Kingeni maji Jumatatu usiku.”

Maneno 23, tarakimu zikiwemo. “Wapendwa” hawapo, ila heshima imo, tena nyingi kuliko mwanzo. Imo kwenye ile sentensi ya mwisho, kwa sababu aliyeandika amemfikiria mtu na ndoo yake.

Kasoro kubwa ya Kiswahili cha kwenye tovuti ina kwao, na kwao ni jukwaani. Mzungumzaji wa hadhara huanza kwa kuwataja wageni wa meza kuu kwa vyeo vyao. Orodha ikimshinda husema “itifaki imezingatiwa”, watu wakacheka kidogo, hotuba ikaanza. Jukwaani utangulizi huo una kazi. Waliochelewa wanapata viti, makelele yanatulia, kipaza sauti kinapimwa. Kwenye tovuti hakuna anayetafuta kiti. Msomaji amefika na swali lake kiganjani, na kila mstari wa “napenda kuchukua fursa hii” unasogeza jibu mbali na kidole gumba. Ndiyo maana kipimo cha kwanza cha mjuzi ni cha pua: je, ukurasa unanuka jukwaa? Dalili hazijifichi. “Karibu kwenye tovuti yetu.” “Neno la Mkurugenzi.” “Ifahamike kuwa.” “Kama mnavyofahamu”, na kama wanafahamu, wanaambiwa ya nini?

Mwaka 1997 watafiti John Morkes na Jakob Nielsen walilipima jambo hili kwa namba. Walitengeneza tovuti ya utalii wa jimbo la Nebraska, Marekani, kwa sura tano zenye habari zilezile, wakawapa watu 51 kazi za kutafuta majibu ndani yake. Sura ya kwanza ilijaa majigambo ya kibiashara. Maneno yalipopunguzwa kufikia nusu, tovuti ilipata alama bora kwa asilimia 58. Majigambo yalipoondolewa tu, urefu ukaachwa ulivyo, ilipanda kwa asilimia 27. Dawa zote zilipochanganywa, yaani ufupi, lugha isiyojisifu na mpangilio unaopitiwa kwa macho haraka, ilipanda kwa asilimia 124. Katika utafiti mwingine wao wa wakati huohuo, asilimia 79 ya watu waliochunguzwa walipitisha macho juu juu; waliosoma neno kwa neno walikuwa asilimia 16.

Nebraska ni mbali, lakini majigambo hayana uraia. Tovuti ya nyumba ya wageni pale Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, inaweza kuandika “paradiso ya kipekee yenye mandhari ya kuvutia”, na mgeni asijue lolote jipya. Inaweza pia kuandika kwamba bahari ya Paje hupwa ikaenda mbali sana, kwamba kuogelea kunategemea maji kujaa, na kwamba ratiba ya wiki hii ya kupwa na kujaa iko chini ya ukurasa. Mwandishi wa pili ametaja hadharani kitu ambacho wa kwanza anakificha, na mgeni anaanza kumwamini hata anapotaja bei ya chumba.

Mjuzi akishanusa, hutazama mwanzo wa mistari. Uchunguzi wa mwendo wa macho uliochapishwa na Nielsen mwaka 2006, uliohusisha watu 232, ulionyesha kwamba macho hukumbatia upande wa kushoto wa ukurasa: hupita mstari wa juu, hushuka, hupita tena nusu, kisha huteremka pembezoni. Miaka mitatu baadaye akajaribu kitu cha kikatili zaidi. Aliwaonyesha watu herufi 11 tu za mwanzo wa kila kiungo, akawauliza wanatarajia kukuta nini ndani.

Kiswahili cha ofisini hufeli mtihani huo kwa kishindo. Orodha ya huduma husomeka hivi: “Utaratibu wa kupata leseni ya biashara”, “Utaratibu wa kupata kibali cha ujenzi”, “Utaratibu wa kulipa kodi ya majengo”. Ndani ya herufi na nafasi 11 kinachobaki ni “Utaratibu w”, “Utaratibu w”, “Utaratibu w”. Ni foleni ya watu waliovaa sare moja, hajulikani nani ni nani. Ondoa sare: “Leseni ya biashara”, “Kibali cha ujenzi”, “Kodi ya majengo”. Hapa lugha yenyewe ni rafiki wa mwandishi, maana kwa Kiswahili jina hutangulia na sifa zikafuata nyuma, kwa hiyo kitu kinachotafutwa kiko tayari kukaa mbele. Anayekiweka nyuma ya “utaratibu”, “maelezo kuhusu” au “taarifa juu ya” amekataa zawadi.

Kuhusu sentensi zenyewe, ipo imani kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa simu ndogo. Imani hiyo inatokana na Kiswahili kilichovishwa makoti. Chukua neno “zoezi”. Zamani lilikuwa maswali matano ya hesabu ubaoni. Siku hizi limekuwa koti la kila kazi: zoezi la usafi, zoezi la chanjo, zoezi la uandikishaji wa wanafunzi. Vua koti, ubaki na usafi, chanjo, kuandikisha wanafunzi. Ndugu zake ni “suala zima la” (hakuna aliyewahi kuona suala nusu) na “kwa upande wa”. Kisha kuna vitenzi vilivyogeuzwa majina: kufanya malipo badala ya kulipa, kutoa maelekezo badala ya kuelekeza, kupatiwa huduma ya matibabu badala ya kutibiwa. Na kuna “amba-”. “Waombaji ambao hawana cheti” ni “waombaji wasio na cheti”. “Fomu ambayo imejazwa” ni “fomu iliyojazwa”. Si kwamba “amba-” ni haramu. Kuna mahali ambapo pasipo yeye sentensi inavunjika mgongo. Lakini aya ya mistari mitano yenye “ambayo” nne inaonyesha mwandishi aliyesahau kwamba viambishi vya lugha yake viliumbwa kwa kazi hiyohiyo.

Tahadhari kwa wanaopenda vipimo vya mashine. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza kwa kuhesabu urefu wa sentensi na silabi za maneno, na hadi leo zipo programu za uandishi zinazoitumia. Kwa Kiswahili kanuni hiyo ni mizani ya sokoni iliyopotoka. “Hatukukuandikia” ni neno moja lenye silabi nane. Mashine italiona kama jiwe, na mtoto wa darasa la kwanza atalielewa bila kukunja uso. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema hayohayo. Kwa sababu hiyohiyo, ukomo wa maneno 25 kwa sentensi unaoshauriwa na GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, ni mpana mno kwa Kiswahili. Maneno 15 hadi 18 yanatosha kubeba mzigo uleule. Kipimo kizuri zaidi ni pumzi: isome kwa sauti ya kawaida, na ukihema katikati, hapo palitakiwa nukta.

Anayetaka kuona Kiswahili cha kidijitali kilichoiva asitazame tovuti kwanza. Atazame menyu za kutuma pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na ujumbe mmoja wa menyu zinazofunguliwa kwa kupiga namba fupi hauwezi kuzidi herufi 182. Ndani ya kibanda hicho hapakuwa na nafasi ya itifaki. Kwa hiyo yakazaliwa maneno kama Tuma Pesa, Weka namba ya siri, Weka kiasi. Ni vitenzi vitupu, vikiamrisha, vikimwambia mtu mmoja. Mamilioni ya watu, wakiwemo wazee wasiowahi kugusa kompyuta, wakazitumia menyu hizo kuhamisha fedha zao wenyewe, fedha ambazo kosa moja la kuelewa lingezipoteza. Mwandishi wa ofisini hukwepa amri kwa kuogopa kuonekana mkali, akaishia na “fomu ijazwe na kuwasilishwa sehemu husika”. Ijazwe na nani? Sehemu husika iko mtaa gani? “Jaza fomu, ipeleke kwa mtendaji wa kata” haina ukali wowote, na anayetaka kulainisha aongeze “tafadhali” moja, si tatu.

Saa ni mahali pengine ambapo ukurasa wa Kiswahili hufichua kama uliandikwa au ulitafsiriwa tu. Saa ya Kiingereza ya mbili baada ya adhuhuri, ikipitishwa kwenye mashine isiyo na mwenyewe, hutoka “saa 2:00 mchana”, saa ambayo haipo kwenye Kiswahili cha mtu yeyote. Kikao ni saa 8 mchana. Msomaji mmoja atakisia hivyo, mwingine atadhani ni kosa la uchapaji la asubuhi na kufika saa sita kabla ya wakati. Ukurasa mzuri huchagua mtindo mmoja, huandika kipindi cha siku (asubuhi, mchana, jioni, usiku), na pale ambapo wasomaji wametawanyika husema ni saa za wapi, kwa kuwa Muscat, ambako Kiswahili kina wenyewe wengi, iko saa moja mbele ya Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi. “03/04” ni kitendawili, na si kila mtu atajibu “tega”.

Tafsiri ya mashine ina alama nyingine pia. Kitufe cha kurudi ukurasa wa kwanza kikiitwa “Nyumbani”, mjuzi anakunja pua. Wikipedia ya Kiswahili huuita ukurasa huo “Mwanzo”, na mwanzo ndio wenyewe, kwa kuwa hakuna aliyehamia humo. Usajili usiolipiwa ukiitwa “usajili huru”, mtu haachi kujiuliza ule mwingine ulifungwa gereza gani. Ni bure, basi.

Kuchagua maneno kunataka akili mbili. Ya kwanza ni kujua msomaji anakiitaje kitu. Sheria na ofisi husema “usajili wa vizazi na vifo”. Mzazi huandika “cheti cha kuzaliwa”, na ukurasa usio na maneno hayo matatu hataupata, hata kama una kila kitu anachohitaji. Watanzania hutafuta “namba ya NIDA”, si “Namba ya Utambulisho wa Taifa”. Mkenya ataandika “nambari” pale Mtanzania anapoandika “namba”, na kitambulisho atakiita kipande anapopiga soga. Mwandishi mzuri huweka neno la watu kwenye kichwa na neno la sheria kwenye aya ya kwanza, mara moja, ili msomaji atakapolikuta kwenye fomu asishtuke.

Akili ya pili ni kujua neno jipya linapokuwa limeiva. Kabla ya sensa ya Tanzania ya tarehe 23 Agosti 2022, ukurasa uliotumia “kishikwambi” ulihitaji kulieleza. Makarani walipogonga hodi nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi, na baadaye vifaa hivyo vikagawiwa walimu, neno likapata mwili. Leo halihitaji mabano. “Tarakilishi” ina umri mkubwa kuliko kishikwambi kwenye vitabu, lakini mtaani watu wanaendelea na kompyuta yao. Anayeandikia umma hufuata mtaa, na hajioni msaliti wa lugha.

Mengine yanapimwa kwa sekunde chache. Kiungo kilichoandikwa “bofya hapa” ni dosari, kwa kuwa mtu asiyeona anaweza kuiomba programu inayomsomea skrini imtajie viungo tu, akasikia bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa, kama chiriku. Kiungo kiseme kinakopeleka: “Pakua fomu ya leseni”. Tangazo lililopigwa mhuri, likachanganuliwa na kupandishwa kama picha, limekufa kabla halijasomwa. Halitafutiki, halikuziki vizuri, na linakula bando. Makala hii nzima, ikiwa maandishi matupu, haifiki kilobaiti 20, na picha moja ya simu janja inaweza kuizidi mara mia. Herufi kubwa mstari mzima ni makelele. Viambishi vilivyoachana na vitenzi, “ana kuja”, “tuta wasiliana”, ni uzembe usiosameheka kwenye ukurasa wa taasisi, ingawa kwenye ujumbe wa rafiki haudhuru.

Halafu kuna “Maswali yanayoulizwa mara kwa mara”. GOV.UK, iliyozinduliwa Oktoba 2012 na kushinda tuzo ya Ubunifu Bora wa Mwaka ya London mwaka uliofuata, ni tovuti yenye maneno mengi na mapambo machache mno, na waandishi wake hushauriwa waziwazi kuachana na sehemu hiyo. Sababu yao inakubalika hata huku. Mara nyingi maswali hayo hayajaulizwa na mtu. “Je, dira yenu ni ipi?” Hakuna aliyepanda daladala kwenda kuuliza hilo. Na lile linaloulizwa kweli, kwamba ni shilingi ngapi na inachukua siku ngapi, mahali pake ni juu ya ukurasa, si kwenye swali la kumi na saba.

Bei, siku na tarehe ndivyo vitu ambavyo mjuzi huvichungulia mwishoni, kwa sababu huoza haraka kuliko vingine. Ada ikitajwa, iwe na mwaka wake. Ukurasa uonyeshe siku ulipohuishwa. Neno “hivi karibuni” litazamwe kama samaki wa juzi: “Dirisha la maombi litafunguliwa hivi karibuni” linaweza kukaa hapo miaka mitatu, likingoja mwenye ufunguo ambaye ameshahama idara.

Njia ya uhakika kuliko zote ya kupima ukurasa haiko kwenye kompyuta ya mwandishi. Iko steshenari, kile chumba chenye mashine ya kutolea kopi, printa na kompyuta mbili, kilichobanana karibu na ofisi za umma kila mji wa Tanzania; Kenya mtu angekwenda saiba. Wenye simu zao huja hapo na ukurasa wameshaufungua. Wameusoma, hawakuuelewa, na wako tayari kulipa ili mtu awasomee. Msikilize dada anayekaa kwenye kompyuta akimhudumia mzee: “Baba, hapa wanataka namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na picha moja yenye nyuma ya bluu. Picha unayo? Basi nenda kapige hapo jirani, mimi naanza kukujazia.” Hapo amezifupisha kurasa tatu, ametanguliza kinachohitajika, ametaja rangi ambayo ukurasa uliificha kwenye kiambatisho, na amempa mzee kazi ya kufanya wakati akisubiri.

Ukutani nyuma yake, pembeni ya bei za kopi, huenda kuna karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene baada ya kuchoka kurudia. Ina kichwa cha maneno mawili, mistari minne, bei, na tarehe ya mwisho iliyokatwa na kuandikwa upya juu yake siku muda ulipoongezwa.